Massey Ferguson 135 ya zamani na slasha yake: maoni yangu kutoka Mufindi

Niseme mapema ili asiyetaka kusoma yote ajue. Kama una parachichi, una paini kidogo, una ng'ombe wawili watatu na barabara ya kuingilia kwako inaharibika kila masika, na hela yako haifiki kwenye trekta mpya, tafuta Massey Ferguson 135 iliyo nzima, itafutie slasha (mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta) ya futi tano, utanishukuru. Kama unataka trekta ya kuzunguka vijijini kulimia watu mahindi kwa kukodisha, hii hapana, na sababu nitasema huko mbele.

Sisi tuko Mufindi, juu kabisa, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Anayeishi huku anajua, mvua zikishaanza Novemba mpaka kwenye Mei nyasi hazikusubiri, unafyeka upande huu ukifika mwisho kule ulikoanzia pameshafika kwenye goti. Tulikuwa tunatumia vijana na fyekeo, baadaye tukaongeza ile mashine ya petroli ya kuvaa begani, na kwa kweli ile mashine ni nzuri kwa kuzunguka shina la mti na pembeni ya mifereji, ila ukiipa eka kadhaa mtu anachoka mikono inatetemeka na petroli inakwisha, halafu ukija kupiga hesabu ya mwaka mzima unakuta umelipa hela ambayo ingenunua kitu cha kudumu. Ndo tukaanza kuulizia trekta za zamani.

Kwa nini nyasi zikatwe kwa slasha na sio kulimwa? Hili watu wa parachichi naomba walisikie vizuri maana naona mashamba mengi Njombe, Rungwe na huku kwetu watu wanapitisha haro katikati ya mistari ili shamba lionekane safi. Mizizi ya parachichi inayokula iko juu juu, mingi haizidi kina cha futi moja, ukipitisha haro unaikata, na kidonda cha mzizi ndio mlango wa kuoza mizizi hasa udongo ukiwa umeshiba maji. Slasha inakata nyasi tu, haigusi udongo, na zile nyasi zilizokatwa unazisogeza chini ya mti zinakuwa matandazo, unaacha nafasi kidogo pale kwenye shina lisikae na unyevu. Juu ya hapo sisi tuna miteremko, shamba lililolimwa katikati ya mistari likikutana na mvua za Machi udongo wote unaenda bondeni kwa jirani. Kwa hiyo kwangu mimi kwenye shamba la matunda slasha inatangulia, plau na haro zina kazi yake kwingine.

Sasa trekta yenyewe. 135 zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 mpaka 1975, kwa hiyo hata ile changa kuliko zote imeshapita miaka hamsini. Injini ni Perkins ya silinda tatu, AD3.152, lita 2.5, hospawa 45 hivi. Mtu anaweza kuona ni chuma chakavu cha enzi za Nyerere, lakini injini hiyo hiyo ilikaa kwenye Massey 35 ya dizeli, ikaendelea kwenye 240, na viwanda vya India, Pakistan na Uturuki vikaendelea kutoa mashine za ukoo huu miaka na miaka baada ya Coventry kuacha 135. Maana yake spea zipo. Pistoni, ringi, slivu, gaskiti, filta, klachi pleti, mpaka vioo vya taa, unapata Mwanjelwa, unapata Makambako, Iringa mjini unapata, na kisipokuwepo dukani kinakuja na basi kesho yake. Kuna trekta za zamani nzuri tu ambazo ukivunja kitu kimoja unakaa miezi, mfano Valmet, zile zilizokuwa zinaunganishwa Kibaha miaka ya 1980, chuma imara lakini nenda kaulize gia yake leo. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini Massey na sio nyingine jibu langu la kwanza ni spea na la pili ni mafundi, mengine yote yanafuata.

Mafundi wenyewe wako wapi? Usangu. Kule kwenye mpunga, Ubaruku, Igurusi, Chimala, trekta ni kama bodaboda, kila msimu ziko kwenye tope, kwa hiyo mafundi wamezifungua na kuzifunga mpaka wanazijua kwa mkono. Yetu tuliinunua huko huko. Ila hapo hapo kuna tahadhari, trekta iliyofanya kazi kwenye majaruba imekaa kwenye maji, na maji yanaingia sehemu ambazo huzioni, nitalirudia.

Kitu ambacho ningependa kila anayetaka trekta ya kufyekea akijue kabla hajatoa hata shilingi ni klachi. 135 zilitoka za aina mbili. Kuna zenye klachi moja na kuna zenye klachi ya hatua mbili. Ya hatua mbili ukikanyaga nusu trekta inasimama lakini PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha slasha, inaendelea kuzunguka, ukikanyaga mpaka chini ndo na PTO inasimama. Kwa kazi ya slasha hiyo ndo roho ya trekta. Fikiria umefika kwenye nyasi nzito, slasha inaanza kulemewa, unakanyaga nusu, trekta inatulia, visu vinaendelea kuzunguka vinamaliza zile nyasi, unaachia unaendelea. Ukiwa na klachi moja, ukikanyaga kila kitu kinakatika, nyasi zinajaa chini ya deki, lile bati la juu la slasha, unaanza upya. Na kuna hatari kubwa zaidi: slasha ni chuma kizito kinachozunguka kwa kasi, ukikanyaga klachi moja ule uzito unaozunguka unaendelea kusukuma gia boksi kupitia PTO, na trekta inasogea mbele na wewe mguu uko kwenye klachi. Watu wameingia kwenye uzio na kwenye miti kwa namna hiyo. Dawa yake ipo, ni kifaa kidogo kinachokaa kwenye shafti ya PTO kinachoruhusu slasha kuzunguka yenyewe bila kusukuma trekta, mafundi wanakiita frii, na kama umeshanunua yenye klachi moja usifunge slasha bila hicho kitu, tafadhali.

Namna ya kujua unapokwenda kuangalia: muombe muuzaji awashe, engeji PTO, weka gia, kanyaga klachi taratibu, angalia nyuma. Kama kuna sehemu trekta imesimama na ile shafti bado inazunguka basi ni ya hatua mbili na inafanya kazi. Wengine watakwambia "ipo, ila inataka kurekebishwa kidogo." Kurekebishwa kidogo kwenye klachi ya Massey ni kukata trekta katikati, injini huku gia boksi kule, kwa hiyo hiyo kidogo iingie kwenye bei.

Tulipoenda kuangalia tulikwenda na fundi, mzee mmoja Mbena ambaye kazi hii ameifanya maisha yake yote. Nikamwambia shikamoo mzee, leo tunakutegemea wewe. Akaitika marahaba mwanangu, halafu hakwenda kwenye injini kama nilivyotegemea, akaenda nyuma, akafungua ile stiki ya kupimia oil ya gia boksi, akaipaka kwenye kidole. "Mwanangu, injini itakwambia yenyewe ikiumwa. Huku nyuma kunakufa kimya kimya." Akanieleza kwamba kwenye hizi Massey pampu ya haidroliki imekaa ndani kabisa ya oil ile ile ya gia boksi na difu, ni tenki moja, kwa hiyo oil ikigeuka rangi ya chai ya maziwa ujue maji yameingia, na maji yakishaingia yanakula bearing, yanakula pampu, yanakula kila kitu kwa pamoja. Trekta ya kwanza aliyotuonyesha muuzaji ilikuwa na chai ya maziwa. Ilikuwa imepigwa rangi nyekundu inang'aa na ina matairi mapya. Tukaiacha.

Ya pili rangi imepauka, siti imechanika, lakini oil yake ilikuwa nyeusi ya kawaida, injini ilikuwa ya baridi tulipofika (mzee aliigusa kwa kiganja kwanza, maana wengine wanaiwasha kabla hujafika ili isikuonyeshe shida ya asubuhi) na ikawaka. Moshi ukatoka kidogo ukakata. Akafungua kifuniko cha kuwekea oil ya injini ikiwa inanguruma aone kama inapumulia hapo, maana ringi zikiisha moshi unatoka hapo kwa mapigo. Tukainyanyulisha slasha, tukazima injini, tukasimama pale tunapiga stori tunaangalia kama inashuka. Zote zinashuka mwisho wa siku, hizi ni za zamani, lakini ikishuka mbele ya macho yako kama lifti ujue kuna kazi. Akatikisa tairi za mbele kushoto kulia, akatikisa na ile pini ya katikati ya ekseli ya mbele. Akaangalia ndani ya tairi za nyuma kama kuna oil imetambaa kwenye dramu, maana sili za hafu shafti zikivuja oil inalowesha bitana za breki na hapo huna breki, na kwenye milima yetu kukosa breki sio kitu cha kusema utatengeneza mwezi ujao. Upande mmoja ulikuwa umelowa. Tukatoa hela hiyo kwenye bei, tukaelewana. Na kadi ya usajili tukaiangalia namba ya chesesi kwa chesesi, hili lisikupite, trekta nyingi za zamani zimepita mikono mingi na karatasi zimebaki kwa marehemu.

Basi, kazi. Slasha yetu ni ya futi tano, mita moja na nusu. Usidanganywe kuchukua ya futi sita kwa sababu ni bei nzuri. Hizi injini hazina turbo, na huku juu hewa ni nyembamba, kwa makadirio injini ya namna hii inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo zile hospawa 45 za kwenye karatasi kwetu Mufindi zinabaki kama 37 hivi, na hizo ni za injini, zikifika kwenye PTO zimepungua tena. Futi tano inaimudu vizuri hata nyasi zikiwa kifuani. Futi sita kwenye nyasi zilizoshiba mvua itakuwa inakohoa siku nzima. Mtu wa Usangu chini kule hatakuwa na shida hiyo, ila wa Mufindi, Makete na Uporoto azingatie.

Unaweka gia ya taratibu, ya pili au ya tatu ya lo kutegemea unene wa nyasi, unapandisha resi mpaka mshale ufike kwenye alama ya 540, yaani mizunguko ya PTO kwa dakika, pale kwenye mita, na unaiacha hapo. Kosa ninaloliona kwa madereva wengi ni kwenda na resi ndogo kuokoa dizeli. Visu vikizunguka taratibu havikati, vinalaza nyasi na kuzichana, unarudia mara mbili, dizeli uliyookoa imekwisha. Ukitaka kwenda polepole punguza gia, usipunguze resi. Mtu ambaye mita yake haifanyi kazi, na nyingi hazifanyi, amuombe fundi ampigie alama ya rangi kwenye mkono wa resi.

Kwenye haidroliki kuna mikono miwili, mmoja wa kuhisi uzito wa plau ardhini na mwingine wa kushika kimo. Kwa slasha unatumia wa kimo. Halafu ukikaa sawa mbele ya slasha iwe chini kidogo kuliko nyuma, sentimita mbili hivi, ili nyasi ikishakatwa itoke, isizungushwe mara kumi humo ndani. Unarekebisha kwa kuzungusha toplinki, ule mkono wa juu wa katikati unaoshika slasha. Sisi toplinki tumeiwekea cheni fupi mahali pa ule mwisho wa slasha ili slasha ifuate ardhi yenyewe trekta ikipita kwenye kimtaro, maana toplinki ngumu inainua slasha trekta ikishuka na inaikandamiza ikipanda.

Visu havihitaji makali ya wembe, vinahitaji visiwe butu na viwe na uzito sawa pande zote mbili, ukinoa kimoja noa na kingine, ukibadilisha badilisha vyote, la sivyo slasha nzima inatetemeka na bearing za gia boksi yake hazidumu. Vile visu vimefungwa kwa bolti moja vinacheza, vikikuta kisiki vinakunja kurudi nyuma, ni makusudi, na kwenye shafti kuna bolti laini ambayo inakatika yenyewe kisu kikigoma, ile bolti ni ya bei ya soda, inakufa ili gia boksi isife. Kuna watu ikikatika wanaweka bolti ngumu ya chesesi ili "isisumbue". Usikubali dereva afanye hivyo kwenye trekta yako. Beba kumi mfukoni.

Ekzosi, hili hamna aliyeniambia mapema na ninafurahi kulisema hapa. 135 zilitoka na ekzosi ya kusimama juu ya boneti au ya kulala inapita chini. Kwenye parachichi ya kulala ni nzuri sana, haibabui majani wala haigongi matawi ya chini, unapita chini ya mti kwa amani. Lakini Agosti mpaka Oktoba, nyasi zimekauka, unafyeka pembeni ya paini kutengeneza barabara ya moto, ule ukanda wa kuzuia moto usivuke, ekzosi ya moto inapita sentimita chache juu ya nyasi kavu, hapo unatafuta balaa. Kwa kazi hiyo ya kusimama ni salama zaidi, na hata hivyo tunabeba maji na matawi mabichi nyuma ya trekta, na kazi tunaifanya asubuhi kabla upepo haujaanza. Sisi tumeweka vyote viwili, fundi wa kuchomelea ametutengenezea kiungo cha kufunga na kufungua kwa bolti, tunabadilisha kwa msimu. Anayejua mioto ya huku Mufindi na hasara ya paini iliyokaa ardhini miaka kumi na kitu ataelewa kwa nini ninalisisitiza.

Kipindi hicho hicho cha ukavu rejeta inaziba. Mbegu za nyasi na vumbi vinaingia kwenye wavu wa mbele, vinajaza vile vitundu, joto linapanda, na gaskiti ya silinda hedi haikupigii hodi. Tunasimama kila tukimaliza upande mmoja tunapangusa wavu kwa mkono, jioni tunapuliza kwa upepo kutoka upande wa feni kwenda mbele.

Dizeli, kwa kufyeka inatumia kama lita nne kwa saa, ikizidi sana ujue nozeli zinataka kupimwa. Pampu ni CAV ya kuzunguka, nzuri na rahisi ila haivumilii uchafu wala maji hata kidogo, kwa hiyo dizeli ya kwenye madumu ya barabarani mimi siiruhusu kabisa. Tunachuja kwa kitambaa, tunaacha itulie usiku ndo tunamimina, na kikombe cha filta tunakimwaga maji mara kwa mara. Ikiingia upepo kwa sababu mtu aliacha tenki likakauka, kutoa upepo ni kazi ya dakika chache, unapampu kimkono kile cha pembeni, unalegeza skrubu za filta, halafu za pampu, halafu nati za nozeli wakati mtu anapiga selfu, mpaka povu liishe. Kila dereva wa trekta ya zamani aijue kazi hiyo, fundi asiitwe kwa sababu ya upepo.

Asubuhi za Juni na Julai ni mtihani kwa upande wetu. Kuna kidude kwenye manifoldi kinachowasha dizeli kidogo kupasha hewa moto kabla hujapiga selfu, kinaitwa thamostati na mafundi wengi japo jina lake ni Thermostart, kwenye trekta nyingi za zamani kimekufa na watu wamekiziba. Kirudishe. Sio ghali, na ni bora mara mia kuliko kuwasha moto chini ya injini au kupuliza zile spirei za kuwashia injini, ambazo zikikutana na kidude hicho kikiwa cha moto zinalipuka kwenye manifoldi, kwa hiyo chagua kimoja tu, na mimi nachagua kidude. Ikishindikana kabisa paki kwenye mteremko uiwashe kwa kuserereka, kwa trekta ya dizeli ya zamani isiyo na umeme mwingi hiyo bado inafanya kazi.

Kazi nyingine za nyumbani nitazipitia haraka maana hapa haina mshindani. Trela la tairi mbili, kuni, samadi, majani ya ng'ombe, tofali, maji kwenye tenki la lita elfu. Bledi ya nyuma kwa ajili ya barabara, hii ilibadilisha maisha yetu kuliko tulivyotegemea, kila mvua zikikata kidogo tunapita mara mbili tunarudisha udongo katikati na kufungua mifereji ya pembeni, sasa gari dogo linafika mpaka mlangoni hata Aprili. Kuvuta magogo ya milingoti pia inavuta, lakini nyororo ifungwe chini kwenye drobaa, kile chuma cha kuvutia cha nyuma, chini kabisa, sio kwenye toplinki wala kuzungushwa kwenye ekseli. Ukivuta kisiki kutoka juu ya ekseli trekta inanyanyuka mbele na inakuja kukulalia, na inatokea haraka kuliko mguu kufika kwenye klachi.

Hapo ndipo panaponiuma kwenye trekta hizi. Nyingi hazina ile fremu ya kumkinga dereva trekta ikipinduka. Kwenye tambarare ya Usangu mtu anaweza kusema ataangalia, lakini Mufindi, Rungwe, Ileje, Ludewa, ardhi yetu ni ya kupinduka. Tafuta fremu iliyotengenezwa kwa trekta hiyo na kupimwa, ifungwe kwenye ekseli, na ikishakuwepo dereva afunge mkanda. Bila fremu mkanda usifungwe. Bomba la kawaida lililochomelewa mtaani linakupa moyo tu, likilemewa linakunja. Kwenye mteremko fyeka kwa kupanda na kushuka, usikate kwa kukingama pale palipo pakali, pedeli mbili za breki zifungwe pamoja kwa lile komeo lake, na kushuka iwe gia ya chini bila kukanyaga klachi. Sehemu ambayo wewe mwenyewe ukisimama unateleza, hapo achia vijana na fyekeo. Mtu asipakiwe kwenye madigadi, hata mtoto akilia. Na wakati slasha inazunguka watu wakae mbali kabisa, ile inarusha jiwe kama risasi, yetu tumeiwekea minyororo mbele na nyuma na bado shamba linafungwa tukifyeka. Shafti ya PTO iwe na kava lake la plastiki, kanga na shati refu havina nafasi karibu yake. Kina mama wenzangu mnaosimamia mashamba, hilo la kanga mlitangaze kwa wafanyakazi wote, na sisi wenyewe tulifuate.

Kulima kwa kukodisha nilisema nitarudi. Plau mbili inavuta, kwenye udongo uliokwisha limwa na ukiwa na unyevu, hapo sawa. Kwenye pori jipya au udongo mgumu wa Oktoba inateleza, ina uzito wa tani moja na nusu hivi tu na haivuti kwa tairi nne, unaanza kuijaza maji kwenye matairi na vyuma mbele, mwisho unaua klachi na difu ya mashine ya miaka hamsini kwa hela ya eka chache. Anayetaka biashara hiyo achukue kubwa zaidi, 290 au 375 huko, au ajipange kwa mpya yenye warantii. Ule wepesi ambao ni udhaifu kwenye kulima ndio ninaoupenda kwenye parachichi, haikandamizi udongo sana na inageuka kwenye nafasi ndogo mwisho wa mstari. Stelingi yake bila pawa ni nzito ikiwa imesimama, ikitembea kidogo inalainika, mimi naiendesha vizuri tu.

Matairi ya mbele ni 6.00-16 na unayapata popote, ya nyuma 12.4-28 uagize mapema. Oil ya injini tunabadilisha kwa masaa na tunaandika kwenye daftari linalokaa kwenye tulboksi, grisi kila asubuhi ya kazi, hasa viungo vya shafti ya PTO na pini za mbele.

Kwa sasa slasha imeshushwa, inabadilishwa bearing na sili za gia boksi yake na kutiwa oil mpya, oil 90 nzito. Ikirudi tunaanza barabara za moto upande wa paini kabla Agosti haijafika. Aliye jirani na anataka kuiona ikifanya kazi kabla hajaenda kununua yake anakaribishwa, ila aje saa nne kwenda mbele umande ukishakauka, nyasi zikiwa na maji zinaganda chini ya deki na hataona inavyokata.